Mama Hataki Niliue Zimwi Linalochechemea

Mpendwa mshauri Adelgunda, shikamoo. Nisaidie kabla sijapasuka, na usinicheke, maana hapa Songambele mimi ndiye huchekesha wengine. Naitwa Mujuni, darasa la saba sikumaliza lakini Kampala nimefika, Kigali nimelala, na mikono hii wewe uliyonyimwa inafinyanga chochote: nasuka mifupa ya waya, naivika udongo wa kichuguu niliouchanganya na nta, kisha namsogeza mnyama kidogo napiga picha kwa simu, namsogeza tena napiga, na picha mia mbili zikikimbizwa pamoja anatembea kama ana roho. Wilaya nzima hakuna mwingine, tafuta.

Mwaka jana nilifinyanga zimwi la mtoni, pembe mbili, mgongo wa mamba, na ili watu wacheke nikalivika mwendo wa mdogo wangu Nuwamanya, aliyekanyagwa na ng'ombe utotoni akabaki anachechemea, nikaukata waya wa mguu wa kushoto makusudi uwe mfupi. Krismasi nikaonyesha kipande cha kwanza kwenye ukuta wa duka, watu wakacheka mpaka wakalia, wakaanza kumwita Nuwamanya, "We Zimwi, umetoka mtoni saa ngapi?" Yeye akatabasamu tu, akaniambia, "Kaka, kumbe ndivyo ninavyotembea." Wiki ile ile akaomba akachunge mbali, kandokando ya mto Kagera, ambako hakuna wa kumcheka, na mwezi wa tatu ndama akateleza mtoni, akamfuata, na mguu wenyewe ule. Ndama alitoka. Yeye mpaka leo hatujamwona.

Katika ukoo wetu mwili usipopatikana tunazika kipande cha mgomba, msiba uishe. Baba mdogo Karekezi keshakata mgomba mara mbili, umeoza mara mbili, kwa sababu mama anashika simu yangu tangu asubuhi mpaka chaji iishe, anatazama zimwi likichechemea, anasema, "Mzike nani? Huyu si anatembea?" Hajui nilikuwa namdhihaki, anadhani ni upendo ulionifanya niukumbuke mwendo wake, ananibariki, na kila Jumapili anataka niongeze hatua, nami naongeza, miezi mitano sasa, mguu unapasuka nauziba, unapasuka nauziba. Hadithi yangu inaishia kwa zimwi kuuawa. Nilipomwambia akanikamata kola: "Ukimuua huyo, Mujuni, umemuua mwanangu!" Nikaenda kutapika migombani. Niimalize filamu, niendelee kumtembeza, au ninyamaze tu?

Mujuni wa Songambele

JIBU

Marahaba, Mujuni. Pole kwa mdogo wako. Sasa kaa nikuseme. Mikono unayodai nimenyimwa imefunga sanda nyingi.

Unauliza habari za filamu, na filamu siyo inayokutapisha. Mto ndio uliomchukua Nuwamanya, hukumsukuma wewe. Lakini nyumbani alifukuzwa na kicheko, na kicheko hicho ulikifinyanga wewe. Hilo ni lako, libebe. Baraka unazopokea kila Jumapili ni za wizi. Na hizo hatua unazomwongezea mama ni pombe unayomnywesha mgonjwa kwa kuwa anaiomba.

Jumapili hii usiongeze hata moja. Zimwi usiliue pia. Nenda kwa mama mchana, uende na Karekezi ili asibaki peke yake ukishasema. Simu usimpe siku hiyo, iache kwako. Mwambie yote: waya ulioukata, ukuta wa duka, na lile neno la mdogo wako. Usianze na mzaha. Nakujua, ulimi utakuwasha uanze na mzaha.

Atakupiga, au atakufukuza. Akikufukuza, ondoka. Kesho yake rudi na maji na kuni, uziweke mlangoni. Fanya hivyo kila siku bila kuuliza kama umesamehewa.

Zimwi mkabidhi yeye. Akitaka alikalishe kando ya kitanda, ni lake. Akitaka lizikwe pamoja na mgomba, liachie. Ila usiurefushe ule mguu kwa aibu yako. Ndivyo alivyotembea.

Na siku mama atakaposema mgomba ukatwe, hata kama ni mwakani, simu ibaki nyumbani. Mikono yako hodari, Mujuni, ishike jembe. Chimba.