Vidole Ukutani

Mjukuu wangu Zaituni,

Pokea salamu zetu huko Dorset, Uingereza, kwenye baridi. Sisi bado tuko Msumbiji, mjini Palma kwa mama yako mdogo, aliyejifungua salama mtoto wa kike. Habari za njiani sitaziandika.

Umenitumia picha ya kigae cha chungu mlichochimbua na wanafunzi wenzako, chenye alama za vidole vya mfinyanzi, ukaniuliza kama nimewahi kukuta kitu cha kale namna hiyo. Nimewahi, na niliogopa.

Nilikuwa msichana. Chokaa ya kupaka msikiti ilikwisha, tukatumwa kubomoa mawe ya matumbawe kwenye magofu ya porini, tuyachome tanurini. Jiwe langu lilikuwa na lipu, na kwenye lipu alama za vidole vitano. Nikaweka vyangu, vikaenea sawasawa. Nikaurudisha mkono haraka.

"Mama, hawa wenyewe walikwenda wapi?"

"Walihama," akasema mama. "Tia jiwe motoni."

Nikalitia.

Sasa sikia. Siku tuliyokimbia kutoka kijijini kwetu, wenye bunduki walipoingia, nilikuwa nakandika ukuta wa jiko. Udongo ulikuwa bado mbichi, na alama za mkono wangu zimebaki pale. Hapa Palma mlango ukigongwa kwa nguvu, natafuta kandambili kwanza, ndipo nauliza ni nani.

Kigae chako kioshe taratibu. Na wenzako wakikuambia watu wale walihama tu, waulize walikuwa wanamkimbia nani.

Ni mimi bibi yako,
Mwanaisha