Pamba Fifi na Jicho la Kushoto la Mama

Alhamisi. Vumbi, upepo baridi, jua lisilo na nguvu.

Krrr. Uzi wa gunia ukifumuliwa. Siku ya nne leo naisikia sauti hiyo, hata nikiwa nafua, hata nikijaribu kusali.

Gunia lilikuwa la mama. Alilishona mdomo mwenyewe, kama kila msimu, na hapa Ngulyati hakuna aliyewahi kulitilia shaka gunia lake. Jumatatu, kwenye kituo cha kununulia pamba, karani alichungulia penye upenyo, akakunja uso, akafumua. Akamwaga pamba yote chini, mbele ya foleni.

"Mama Minza, fifi umeichanganya na safi? Hata wewe?"

Fifi ni pamba yenye madoa ya manjano. Mama huitenga huku anaongea mambo mengine kabisa. Mzee mmoja kwenye foleni akasema, "Mwacheni, macho ya Mwanza hayo, bado hayajaizoea pamba yetu!" Watu wakacheka. Mama naye akacheka. Kisha akapiga magoti, akaanza kuokota.

Minza ni mimi. Na jicho lililokosea nililichagua mimi.

Mwaka jana, hospitalini Mwanza, alitolewa mtoto wa jicho la kulia, akawekewa lenzi ya kawaida, ile ya umbali mmoja. Mbali anaona vizuri. Karibu anavaa miwani. Alifurahi. Akasema weupe umerudi.

Mimi sikutosheka. Nilisoma usiku na mchana kuhusu lenzi za umbali mwingi, zinazomwezesha mtu kuona mbali na karibu bila miwani. Nilisoma pia kwamba zinaugawa mwanga, kwamba rangi zinazokaribiana huwa ngumu kutofautisha, kwamba taa huzungukwa na duara gizani. Nilisoma, nikapita. Ilipofika zamu ya jicho la kushoto, daktari alituambia tuchague. Mama akaniuliza kwa Kisukuma amesemaje.

Nikamjibu: amesema hii mpya ndiyo nzuri.

Hakusema hivyo.

Wiki chache baadaye walimpima kwa ile chati ya herufi E, ambayo unaonyesha kwa mkono miguu ya herufi imeelekea wapi. Alipatia hadi mstari wa chini. Nilipiga makofi. Tulipofika nyumbani nikaifungia miwani yake kabatini, nikamwambia hutaihitaji tena.

Lakini chati ile ni nyeusi juu ya nyeupe. Hakuna chati ya manjano hafifu juu ya nyeupe. Hakuna chati ya pamba saa kumi na mbili jioni.

Jana nilimpigia daktari. Akasema huenda akazoea baada ya miezi, huenda asizoee. Lenzi inaweza kubadilishwa, ila ni kulifungua jicho upya, na hatari ni kubwa kuliko mara ya kwanza. Nikausikia tena ule uzi.

Tangu Jumatatu mama hachambui. Kazi amempa shangazi. Anakaa pembeni ya turubai la kuchambulia pamba, mikono mapajani, anasema uzee umefika. Ana miaka hamsini na sita. Mikono ile sijawahi kuiona imetulia, na siwezi kuitazama.

Najiuliza nilitaka nini. Kichwani mwangu nilimwona akisoma ujumbe wangu bila kupapasa miwani, akisoma Biblia kanisani. Mama aliishia darasa la pili. Hasomi. Nilimchagulia macho yangu mimi.

Ningeweza kunyamaza. Angeendelea kuamini ni uzee, nami ningebaki binti msomi aliyemtibu mama yake. Siku tatu nimeishi ndani ya wazo hilo, na nilianza kulizoea.

Leo mchana nimeitoa miwani kabatini, nikaenda kupiga magoti mbele yake kwenye turubai, nikamwambia yote. Alichosema daktari siku ile, nilichosema mimi, na alichosema daktari jana. Nikamwambia safari hii ataamua yeye.

Akaipokea miwani.

"Kumbe si uzee," akasema. Halafu: "Ulitaka nisome nini, mayu?" Mayu ni mama; huniita hivyo akinipenda, au akichoka nami.



Akaivaa miwani. Akaziba jicho la kushoto kwa kiganja. Kabla hajaigusa pamba, akaniangalia mimi, taratibu, kama anayetafuta doa.