Blauzi za Mke wa Mwenzangu

Dada yangu mpendwa,

Mimi mzima, baridi tu ndiyo inanichapa. Hapa kazini, kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, mwenzangu mmoja kila mapumziko hupiga pasi blauzi za mkewe. Jana nikamtania, "Kaka, umekaliwa na mkeo wewe!" Akacheka. "Na wako, nani humpigia pasi?"

Nikarudi kukunja mashuka. Huku hakuna anayejua kwamba wifi yako tumemzika. Nilimkumbuka akininyooshea mashati, miguu imemvimba, nami nimekaa nasoma gazeti.

Dada, uliposema binti yangu aache shule awapikie kaka zake, nilikubali haraka. Nilikosea. Tafadhali mrudishe Jumatatu. Wale vijana wana mikono, wapike wenyewe. Wakiunguza, wale hivyo hivyo.

Ni mimi, mdogo wako.