Saa Nane na Dakika Arobaini

Kwako kaka yangu,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo. Natumai wewe, wifi na watoto hamjambo. Huku tuliobaki tu wazima, tunajikaza kisabuni. Bomba la jikoni limeacha kuvuja, cherehani yangu bado inakata uzi, na kitanda cha mama nakitandika kila asubuhi, sijui kwa ajili ya nani.

Barua yako nimeipata. Umeniuliza jambo moja tu, kama mama alikuachia radhi. Hukuuliza alivyoumwa wala tulipomzika, lakini hilo tuliache. Nitakujibu, ila nivumilie nianze mbali.

Unakumbuka ulivyomuaga? Ulimwambia umbali usimtishe, kwamba kutoka uwanja wa ndege wa huko hadi wa kwetu ni kilomita elfu sita na mia tisa tu, saa nane na dakika arobaini angani, ukiitwa asubuhi jioni upo. Mama alizishika hesabu hizo kama jina lake. Alimweleza muuza maziwa, akamweleza nesi wa zamu, na jirani yetu fundi bomba aliambiwa mara nyingi hadi akawa anamalizia mwenyewe. Miaka kumi na moja watu walicheka naye. Mimi nilicheka shingo upande.

Alipozidiwa nilikupigia, ukasema unapanda ndege Jumanne, saa mbili asubuhi kwa saa za huku. Siku hiyo mama alitaka avae gauni la kijani nililomshonea. Kwa kuwa macho yalikuwa yameshapoteza nuru, akaomba saa ya ukutani iteremshwe iwekwe karibu na sikio lake. Kila baada ya muda aliniuliza umefika wapi. Saa nne ukaingia ujumbe wako kwamba kazi zimekubana, labda mwezi ujao.

Niliusoma mara mbili, nikaufuta. Nikamwambia umeshavuka bahari. Daktari alikuwa amesema hataiona adhuhuri, lakini ilipita na mama bado anahesabu. Saa kumi na dakika arobaini alitabasamu, akasema sasa umetua, unasubiri mizigo. Nilikuchukia, kaka. Bado nakuchukia.

Sasa sikia nililolifanya. Ilipokaribia saa kumi na mbili nilikwenda jikoni, ambako fundi bomba alikuwa amelala chini ya sinki akiziba bomba, nikamvuta akiwa na mikono mibichi, nikamsihi akae tu kitandani asiseme neno. Mama alimshika mkono. Akasema mkono umekuwa mgumu, kumbe kazi ya huko ni nzito na yeye alikuwa akikulaumu bure. Akamwita “baba”, kama alivyozoea kukuita wewe, akamwambia amemwachia radhi zote, hana kinyongo. Fundi alilia kama mtoto. Mama alikata roho akiwa bado amemshika.

Kwa hiyo jibu lako ni hili: radhi zilitolewa, nilizisikia kwa masikio yangu. Anazo fundi bomba. Kila wiki huenda kung'oa magugu kaburini, na huniuliza atazifikishaje kwa mwenyewe. Nimemwambia akae nazo. Yeye aliitwa kutoka jikoni, akaja.

Nisalimie wifi, na watoto uwaambie shangazi yao anawapenda. Siku ukiamua kuja, usinitajie saa. Piga hodi tu.

Ni mimi mdogo wako,
fundi cherehani