Polepole, Ili Nijibiwe

Chumba cha nyuma,
Dukani kwa fundi cherehani,
Jumamosi, 9 Agosti.

Mpendwa wifi yangu,

Hujambo huko uliko? Goti limepoa, au bado linakusumbua ukipanda ngazi? Mzee wako naye, kikohozi kimemwacha? Mimi mwilini sijambo. Moyoni nisikudanganye: nyumba imenizidi ukubwa.

Wateja wanakuja, wanapimwa, wanalalamikia kola, wanaondoka. Nikifunga duka sina hata wa kumwambia kwamba sindano imevunjika. Naongea na cherehani. Usicheke!

Sasa sikia kioja. Ile redio ya kaka yako, aliyokuwa akizungumzia na watu wa mbali asiowajua hata sura, sikuiuza. Najifunza Morse! Ndiyo, mimi niliyekuwa nikimfokea azime milio yake aje ale. Mlio mfupi, mlio mrefu, kila herufi na mpangilio wake. Fundi redio wa mtaa wa pili, rafiki wa marehemu kaka yako, ndiye mwalimu wangu, na leseni nimeshapata.

Mkono wangu unaujua, umezoea mashine. Ulishika upesi, nikawa nabonyeza mbio mbio, nikajiona bingwa. Siku ya kwanza kuita hewani peke yangu, mtu akajibu papo hapo. Lo! Mvua ya mawe juu ya bati. Sikuambulia hata herufi moja. Akarudia, akarudia tena, mimi nimekodoa macho tu. Mwishowe akanyamaza, akaenda zake. Nililia, wifi. Muda wote huu sina wa kuniitikia, na huyo mmoja aliyeitikia nimemwacha mlangoni.

Fundi alicheka mpaka akatafuta kiti. Akasema mkono umelitangulia sikio. Kumbe hiyo ndiyo adabu yao huko hewani: mtu hukujibu kwa mwendo ule ule uliomwitia. Ukiita mbio, utajibiwa mbio.

"Ita kwa mwendo unaoweza kuusikia, mama," akaniambia. "Haraka haraka haina baraka."

Basi jana alasiri nikafunga duka mapema, nikaita polepole, polepole mpaka nikaona aibu. Kimya. Nikaita tena. Kimya. Nimeshaanza kuvua hedifoni, nikasikia najibiwa, taratibu vile vile. Akasema ananipata vizuri. Akanitajia jina lake, akauliza langu. Nikamtumia. Akalirudisha herufi moja moja, akanishukuru, akanitakia jioni njema.

Wifi, hapa mtaani mimi ni fundi, ni mama, ni yule mjane. Kaka yako peke yake ndiye aliyekuwa akiniita jina langu, na tangu tumzike sikuwa nimelisikia. Nilibaki nimekaa pale, hedifoni masikioni, na mtu wa watu keshaondoka zamani.

Msalimie sana mzee wako, na wajukuu wote uwabusu kwa niaba yangu. Mwambie binti yako gauni lake li tayari, asinenepe tu. Mungu awafunike nyote kwa rehema zake.

Nina ombi moja. Ukinijibu, usianze na "wifi".

Wako akupendaye,
Mke wa kaka yako. Jina unalijua.