Dawa ya Nguo, Fungu la Tatu

Kitale, Jumatatu, 4 Juni 1951

Mvua tangu alfajiri. Bati la ofisi linavuja upande wangu. Nimefunika mashine ya taipu kwa gunia, nikafanya kazi kwa kalamu. Maombi matatu ya alama za biashara: majani ya chai, viberiti, majembe. Yamekwisha kabla ya saa nne.

Naandika jinsi kazi hii inavyokwenda, maana huielewa zaidi nikijieleza. Serikali imegawa bidhaa zote za dunia katika mafungu hamsini. Bwana Wakili ana neno lake la Kizungu. Mimi nayaita mafungu, kama ya nyanya sokoni. Mtu akitaka alama iwe yake, sharti aseme ataipiga kwenye bidhaa gani, na bidhaa hiyo ni ya fungu lipi. Akiandikishwa kwenye viberiti, alama ni yake kwenye viberiti. Kwenye majembe bado iko wazi.

Sabuni ndiyo hunifurahisha. Sabuni ya kufulia iko fungu la arobaini na saba, pamoja na mishumaa na mafuta ya taa. Itie manukato, inahamia la arobaini na nane. Itie dawa ya upele, inakwenda la tatu, kwa waganga. Povu ni lile lile. Bwana Wakili huchanganya kila mwezi. Mimi sikosei.

Jumatano, 6 Juni

Simeoni amekuja ofisini. Nilimfundisha kusoma kule misheni. Sasa ana duka hapa Kitale na lori. Alinisalimia kwa mikono miwili, kama zamani.

Anataka kutengeneza sabuni ya miche. Alama ameichora kwa mkaa kwenye karatasi: mafiga matatu.

Mafiga matatu ni alama ya Rebeka, mdogo wangu, mjane, anayetengeneza sabuni Kamukuywa. Miaka miwili iliyopita nilimwandikishia kwa mkono wangu. Hati ya Nairobi ameitia kwenye fremu, juu ya picha ya marehemu. Hati hiyo hiyo ndiyo iliyonipa kazi hii. Bwana Wakili alipoisikia alisema mzee anayepata hati bila wakili ni afadhali akae ndani kuliko nje.

Nilingoja Bwana Wakili aseme kwamba alama ina mwenyewe. Hakusema. Kumbe Simeoni alikuwa amemwona mapema, nilipokuwa likizo ya Pasaka, naye akauliza Nairobi kwenye daftari la alama, na jibu liko mezani. Fungu la arobaini na saba, hakuna mafiga.

Simeoni akanigeukia. "Mwalimu, si niliiona Kamukuywa, kwa wale mama wa dawa ya nguo? Hii alama ina mwenyewe?"

Nikamjibu, "Daftari linasema haina."

Ndivyo nilivyojibu. Neno kwa neno.

Alhamisi, 7 Juni

Nimefungua sanduku la bati nikatoa nakala ya ombi la Rebeka. Nimeisoma mara tatu.

Fungu la tatu. Dawa za binadamu.

Kosa ni langu. Nalieleza ili nisijidanganye. Wakati ule Rebeka alikuwa bado hatengenezi miche. Alichemsha shahamu na maji ya majivu, ikatoka kitu laini, cheusi, akakifunga kwa jani la mgomba. Kwetu sabuni ni mche wa dukani. Hicho chake watu walikiita dawa ya nguo. Nilipomwuliza niandike bidhaa gani, akasema, "Andika dawa."

Kiswahili kina dawa ya viatu, dawa ya meno, dawa ya kupe, dawa ya kunguni. Hakuna anayezinywa. Nami, niliyefundisha miaka ishirini na minane, nikachukua neno la Kizungu la dawa ya hospitali, nikaliandika kwa mwandiko mzuri. Nairobi waliliweka panapostahili. Hati ilipofika nilitazama muhuri, sikutazama namba.

Kwa hiyo mafiga ni ya Rebeka kwenye vidonge vya kikohozi. Kwenye sabuni hana kitu.

Naona haya. Sina neno kubwa kuliko hilo.

Jumapili, 10 Juni

Nimekwenda Kamukuywa kwa basi baada ya ibada. Nilikwenda ili nimwambie.

Rebeka ana wanawake sita sasa. Wanamimina kwenye ubao, wanakata miche kwa waya, wanapiga muhuri wa mti kabla haijakauka. Mafiga yanatoka safi. Wengi wa wanunuzi hawajui kusoma. Huuliza, "Ya mafiga iko?" Ukiyaondoa mafiga, mche wa Rebeka ni donge la kahawia kati ya madonge. Simeoni akipata fungu la sabuni, sheria itamruhusu kumkataza Rebeka kuupiga ule muhuri.

Alinichinjia kuku. Akasema, "Kaka, hata waje na sabuni mia. Arama yangu iko Nairobi. Si ni wewe uliandika?"

Anasema arama. Mama yetu naye alisema hivyo.

Nimekula kuku. Sikusema. Siri za wateja nimeziapia, na Simeoni ni mteja. Huo ni ukweli. Pia ni kichaka kizuri cha kujifichia.

Jumanne, 12 Juni

Ombi la Simeoni limenifikia nilipige taipu. Lingenifikia mimi tu, hakuna karani mwingine.

Nimepiga jina. Nimepiga anwani. Kwenye fungu nikapiga arobaini na nane.

Nimeitazama namba hiyo kwa muda mrefu. Tarakimu moja tu. Simeoni angepewa mafiga kwenye manukato na asingejua mpaka mwakani. Bwana Wakili asingegundua. Angesema Mwalimu hakosei.

Niliwahi kukosea bila kujua, na Rebeka ndiye anayeumia. Nikikosea kwa kujua nitakuwa nani? Niliitoa karatasi, nikaichana vipande vidogo, nikavitia mfukoni. Nikapiga upya. Arobaini na saba.

Bwana Wakili alipita akasema, "Mwalimu, hiyo ni barua ya posta, si Injili. Mbona unaisoma hivyo?"

Ijumaa, 15 Juni

Barua ya ombi imeondoka na treni.

Sina hamu ya chakula.

Alhamisi, 5 Julai

Mlango ninaouona ni mmoja. Ombi likikubaliwa Nairobi, hutangazwa kwanza kwenye Gazeti la Serikali, ili mwenye neno aseme kabla hati haijatolewa. Siku litakapotangazwa, halitakuwa siri tena. Nitaweza kusema bila kuvunja kiapo.

Kwa hiyo nangoja. Kila gazeti likifika nalifungua kabla ya Bwana Wakili. Nikiliona tangazo nitaumia. Nisipoliona naumia vile vile. Mtu wa posta akitokea mlangoni nafikiri analeta habari hizo. Mtu amefungiwa chumba ambacho ufunguo wake uko Nairobi, na kufuli ni mwandiko wake mwenyewe.

Simeoni ameniletea sukari ratili nne. "Ya chai, Mwalimu." Sikujua namna ya kukataa. Iko kabatini, sijaifungua.

Jumatatu, 23 Julai

Rebeka ameleta salamu kwa dereva wa basi. Amechonga muhuri wa pili. Watu wa Kapsokwony wameanza kuagiza.

Ijumaa, 17 Agosti

Limetoka. Ukurasa wa nyuma, safu ya kulia. Mafiga matatu, madogo kama mbegu za papai. Sabuni ya kufulia. Jina la Simeoni.

Siku za kupinga zimeanza kuhesabiwa. Nimeomba ruhusa ya kesho. Nimeambiwa nichukue.

Kamukuywa, Jumamosi, 18 Agosti

Nimemwambia. Nilianza na mafungu hamsini, nikaeleza viberiti na majembe, nikafika kwenye manukato. Aliendelea kukata miche. Akanikata na mimi.

"Kaka, wewe ukizunguka hivi kuna kitu umeficha. Sema."

Nikasema. Dawa. Fungu la tatu. Kosa langu.

Aliweka waya chini. "Ati mimi ni mganga?"

"Kwa karatasi, ndiyo."

"Miaka miwili nina hati ya uganga ukutani, na mchungaji anakuja kunywa chai chini yake!" Wanawake walicheka. Yeye hakucheka. "Na ulijua tangu lini?"

"Juni."

"Juni ulikula kuku yangu."

Aliiteremsha fremu, akaifuta vumbi kwa kanga, akaigeuza uso ukutani.

Baadaye niliweza kumweleza lililobaki. Sheria inamtambua pia aliyeitumia alama kwanza kwenye bidhaa, hata kama hakuandikishwa kwenye fungu lake. Lakini sharti athibitishe kwamba kile kitu kilikuwa sabuni tangu mwanzo, si dawa. Anayeweza kuapa hivyo ni aliyekiandika dawa.

"Basi si uape, bana," alisema. Kana kwamba ni kuinua ndoo.

Kitale, Jumatatu, 20 Agosti

Siwezi kumpinga mteja wa ofisi nikiwa nimekaa kwenye kiti cha ofisi. Nimeacha kazi. Nilimweleza Bwana Wakili kisa chote, yeye amesimama, mimi nimesimama.

Aliweka kalamu mezani. Kisha: "Mwalimu, nilikuajiri kwa ajili ya ile hati."

"Ndiyo, Bwana."

"Na ile hati ni kosa."

"Ndiyo, Bwana."

Alinipa mkono. Sikutegemea. Nilifunika mashine kwa gunia lake, maana mawingu yalikuwa yamejikusanya. Nilipitia dukani kwa Simeoni kurudisha sukari. Hakuwapo. Nikaiacha juu ya kaunta.

Bungoma, Jumatano, 29 Agosti

Nimeapa mbele ya hakimu, kiapo kiende Nairobi pamoja na pingamizi la Rebeka. Nilikuwa nimeandika kurasa tisa. Alinirudishia, akasema nilete moja.

Nikaandika moja. Kwamba kitu hicho ni sabuni, na kimekuwa sabuni tangu siku ya kwanza. Kwamba neno dawa katika Kiswahili ni zaidi ya dawa ya hospitali. Kwamba nililijua hilo tangu utotoni na bado nikakosea.

Karani aliisoma kwa sauti, mahakama imejaa watu wa kesi za mipaka. Alipofika kwenye dawa ya viatu, mzee mmoja nyuma akauliza, "Viatu vinaumwa nini?" Wakaangua kicheko. Wawili kati yao niliwafundisha hesabu.

Nimetia sahihi.

Jumapili, 23 Septemba

Kanisani Bungoma watu wananiita Mzee Dawa. Hakuna habari kutoka Nairobi. Rebeka anaendelea kupiga muhuri, lakini ameacha kupeleka Kapsokwony, asije akaagiziwa mzigo halafu akakatazwa. Wawili kati ya wale sita amewaambia wapumzike kwanza. Nimehesabu siku mpaka nimechoka. Nimefungwa pale pale, chumba tu ndicho kimebadilika.

Kamukuywa, Jumamosi, 20 Oktoba

Asubuhi tulivu. Ukungu umeshuka mlimani mpaka kwenye mahindi.

Barua mbili zimekuja na basi. Ya Nairobi inasema mwombaji, alipoonyeshwa kiapo, ameliondoa ombi lake, na Rebeka anaweza kuleta lake kwenye fungu la arobaini na saba. Fomu wameambatanisha.

Ya pili ni ya Simeoni. Mwandiko ni ule niliomfundisha, herufi zimelala kulia kama majani. Mstari mmoja:

"Mwalimu, nilikuuliza."

Nimeikunja nikaitia ndani ya shajara hii. Sitaitupa. Kwa jibu lake ningeweza kujaza kitabu kizima, chenye kiapo cha ofisi, na haya yangu, na daftari la Nairobi lilivyosema. Lakini kijana aliuliza kama alama ina mwenyewe, na ilikuwa na mwenyewe, na nilimjua tangu azaliwe. Kesho nitapanda basi niende Kitale nimwambie hivyo, mbele ya wateja wake.

Rebeka amewaita wale wawili warudi. Tumekaa kwenye ubao wa kukatia, fomu kati yetu. Nikamwuliza, kama miaka miwili iliyopita, niandike bidhaa gani.

"Sabuni," alisema. Kisha akaninyooshea kidole chenye povu. "Na usiongeze neno."

Nafasi waliyoacha ni kubwa, mistari sita. Nimeandika sabuni. Mistari mitano nimeiacha wazi.