Mama Mutua, Walinichukua

Mama Mutua,

Walinichukua. Naanza na hilo kwa sababu najua ungeniuliza kabla hata ya kuniambia niketi. Zile karatasi ulizonisukuma nizipeleke manispaa, wewe ukiwa umelala na uji umekushinda, zilijibiwa. Barua ya kuniita kwenye usaili ilifika Tawa siku ya nne baada ya kukuzika. Niliifungua nikiwa nimesimama mlangoni pa duka lako la kuchapa. Nikageuka nikuonyeshe. Nikakuta kufuli.

Nililia pale pale, halafu nikaenda kutafuta pasi ya kunyooshea blauzi.

Sasa ni mwezi wa tano niko kazini. Mimi ni msaidizi wa ofisi katika idara ya masoko. Ni cheo cha chini kabisa. Chini yangu hakuna mtu, kuna sakafu. Napokea barua, napiga muhuri wa tarehe, naandika kwenye rejista, nachapa, natoa kopi, nashika simu, napanga viti vya mkutano. Na naipenda, Mama Mutua. Asubuhi naamka kabla simu haijalia. Mama yangu kule Ikutha anawaambia watu wa kanisa kwamba mimi ndiye ninayeendesha soko la mji. Nimemkanya, hasikii.

Nina jambo la kukusimulia na limenijaa kifuani, lakini kwanza nikukumbushe yule mzee wa stendi.

Nilikuwa na mwaka mmoja hivi kwako. Unajua nilivyokuja: nimemaliza kidato cha nne, sina mbele wala nyuma, nimeingia tu kutoa kopi ya kitambulisho. Ukaangalia nilivyoandika jina kwenye bahasha, ukasema, "Wewe una mwandiko. Kesho uje saa mbili." Nilidhani nakuja kupiga deki. Ukaniketisha kwenye kompyuta ile ambayo herufi ya K ilikuwa inakwama, na sisi Wakamba majina yetu nusu ni K. Watu walikuja kuandikiwa barua za chifu, za shule, za mume aliyepotelea Mombasa. Sheria yako ilikuwa moja: hakuna barua inayotoka kabla mwenyewe hajasomewa kwa sauti. "Msomee. Ni maneno yake, si yako."

Siku ile foleni ilikuwa ndefu, nikampa mzee barua yake bila kumsomea. Ukanituma nimkimbilie hadi stendi nikamsomee mbele ya watu. Nikasoma. Kumbe mahali pa jina la binti yake aliyekuwa akiombewa nafasi ya shule, nilikuwa nimeandika jina la marehemu mkewe. Mzee hakukasirika. Alisema tu, "Huyo hawezi kwenda shule tena, mwanangu." Nilirudi dukani nikaichapa upya, nikamsomea tena.

Basi sikiliza sasa.

Mkubwa wangu ni Bi. Syombua. Amekaa ofisini miaka mingi na hapendi maneno. Wiki yangu ya kwanza nilikuwa namsomea mtu fomu yake kabla ya kupiga muhuri, akapita nyuma yangu akasema, "Ndanu, hapa hatusomi. Hapa tunapokea." Nikapiga muhuri. Nilikuwa kwenye miezi mitatu ya majaribio, na kila aliyekutana nami alinikumbusha kwamba watu hurudishwa nyumbani.

Mwezi wangu wa tatu kazini, soko jipya la mji lilikuwa limekamilika. Orodha ya watakaopewa vibanda ilikuwa ipitishwe Ijumaa, na baada ya hapo soko la zamani libomolewe. Jumatano akaja mama mmoja amejitanda leso, mfuko wa sandarusi mkononi. Anauza viungo na majani ya chai. Akaniambia hii ilikuwa mara yake ya nne. Jina lake halimo kwenye orodha, na kila akija anaambiwa faili halipo, kwa hiyo hakuomba.

"Niliomba," akasema. "Nilikaa kwenye benchi hilo hapo. Mimi si mtoto."

Bi. Syombua, bila kuinua kichwa, akasema, "Kama hauko kwenye orodha, hauko."

Mama yule alishika ukingo wa meza yangu. Hakulia. Aliniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama najua sehemu ya barabara ambapo askari wa mji hawasumbui watu, ili aanze kuzoea. Hapo moyo wangu ukakataa. Nikamwomba kitambulisho, nikasoma kwa sauti: "Zuhura Mwikali Abdalla. Ndiyo wewe?"

"Ndiyo mimi. Lakini yule karani wa siku ile alisema Zuhura inamsumbua kuandika. Nikamwambia basi andika Mwikali, hata nyumbani wananiita hivyo."

Mama Mutua, hapo hapo nikamkumbuka mzee wa stendi.

Saa ya chakula nilishuka kwenye chumba cha mafaili. Mzee Kilonzo anayekitunza alinifungulia, akaniambia, "Mwikali? Mama yangu, hapa kuna Mwikali wa kujaza kanisa." Tukaanza. Nilishinda na njaa mchana ule na mchana wa Alhamisi. Alhamisi, ikiwa imebaki kama dakika kumi saa ya chakula iishe, nikavuta faili la Mwikali mwingine, muuza nguo za mitumba, nikaona ni nene kuliko linavyopaswa kuwa. Ndani yake, limebanwa kwa pini, kulikuwa na ombi la pili. Viungo na majani ya chai. Alama ya kidole gumba. Muhuri wetu wenyewe, na tarehe iliyo kabla ya siku ya mwisho.

Mzee Kilonzo alivua miwani, akaivaa tena. "Sasa utafanya nini? Orodha imeshachapwa."

Ni kweli. Niliichapa mimi.

Nilimpelekea Bi. Syombua. Alisoma, akakunja uso, akasema mambo ya orodha yameshapita mikononi mwetu na mimi nijifunze kazi yangu kwanza. Sikumjibu vibaya. Lakini sikulirudisha faili chini.

Ijumaa kazi yangu ilikuwa kuandika kumbukumbu za mkutano. Msaidizi haongei mkutanoni, anaandika wanaoongea. Mkurugenzi wa manispaa alikuwa ameshafungua kalamu atie sahihi orodha. Nikajiona nasimama. Sijui miguu ilitoa wapi ruhusa. Nikasema, "Mkurugenzi, naomba nisome karatasi moja kabla hujatia sahihi." Akaweka kalamu mezani. Nikasoma ombi lote, toka jina hadi kidole gumba, polepole, vile ulivyonifundisha, bila kuongeza neno langu hata moja.

Nilipomaliza, Mkurugenzi akauliza, "Nani alipokea hili?"

Nilifungua mdomo, lakini Bi. Syombua alinitangulia. "Ni meza yetu. Kosa ni letu. Msichana amelitafuta siku mbili." Sikuamini. Sikumtazama, nilijua nikimtazama nitalia.

Jina liliongezwa kwa mkono, sahihi ikatiwa pembeni. Kibanda kipo, Mama Mutua, karibu na bomba la maji. Nilipompigia simu Bi. Zuhura kumwambia, akasema kwa Kikamba, "Ni muvea, mwana wakwa," asante mwanangu, akakata simu. Jumatatu akaniletea mdalasini na iliki kwenye gazeti. Nikamwambia siruhusiwi kupokea kitu. Akanitazama kama nimechanganyikiwa. "Basi uje ununue kama watu wengine," akasema, akacheka, nami nikacheka, Bi. Syombua akatuuliza kama ofisi imegeuka harusi.

Wiki mbili baadaye Bi. Syombua alinitupia rasimu ya barua: "Chapa hii, na usichelewe." Nilichapa kichwa, anwani, nikafika kwenye "kuthibitishwa kazini", ndipo nikaona jina. Langu. Walikuwa wameandika Ndana badala ya Ndanu. Nilienda kwake nikamwonyesha. Akasema, "Nilikuwa nangoja nione kama utaisoma." Siku hizi kwenye ukuta nyuma ya meza kuna karatasi aliyobandika yeye mwenyewe: kila fomu isomewe mwenyewe kabla ya muhuri. Watu wanalalamika kwamba foleni imekuwa ndefu. Ni kweli, imekuwa ndefu.

Kuna siku sina furaha hii yote. Nikichapa vizuri ukurasa mzima bila kosa, najikuta nangoja usukume kiti uje uuangalie juu ya bega langu, mkono wako ukinuka wino. Huji. Nimekasirika nawe mara moja au mbili kwa sababu ya hilo. Samahani. Mwanao Mutua ameniambia duka watampangisha kinyozi, nikasema sawa, halafu nikakaa chooni ofisini nikilia mpaka Mzee Kilonzo akagonga mlango akitaka kujua kama nimefungiwa.

Lakini leo sikuandikii kwa kulia. Nakuandikia kwa sababu Jumatatu soko jipya linafunguliwa, na mimi ndiye niliyepewa kugawa funguo za vibanda, nikiwa na rejista yangu, nikiwaita mmoja mmoja kwa majina yao yote matatu. Nimeshafanya mazoezi hapa chumbani. Jirani anadhani nahubiri.

Nakuahidi hivi: hakuna atakayetoka mbele ya meza yangu bila kujua karatasi yake iko wapi, hata kama jibu lake ni hapana. Na nikipewa mtu wa kumfundisha, nitamfundisha kwa ukali wako wote na upole wako wote.

Pumzika, mwalimu wangu. Mimi nina funguo za kupanga.

Wako,
Ndanu